Roboti Haina Mkono wa Kulia

Bee-Bot ni nyuki wa plastiki, wa njano mwenye mistari myeusi, anayeenea kwenye viganja viwili vya mtu mzima. Mgongoni ana vitufe saba: mbele, nyuma, geuka kushoto, geuka kulia, subiri, futa, na kile cha kijani katikati kinachomwambia aanze. Tumboni ana magurudumu. Hatua yake moja ni sentimita 15. Akigeuka, anageuka nyuzi 90 palepale alipo. Anatoka kampuni ya Uingereza inayoitwa TTS, na huko kwao ni kifaa cha kawaida cha darasani kwa watoto ambao bado hawajajua kusoma. Anauzwa kwa ahadi kwamba mtoto anayemchezea ameanza kujifunza kuandika programu za kompyuta.

Nataka kumhakiki kama ambavyo ningehakiki kitabu cha watoto, kwa sababu naye ana mtunzi, ana hadhira aliyokusudiwa, na kuna mambo anayodhani msomaji wake tayari anayo. Sakafu laini, kwa mfano. Betri. Mwalimu mwenye nafasi ya kukaa chini na watoto watano tu.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Ukibonyeza mshale wa mbele, nyuki haendi. Anatoa mlio mfupi, basi. Ukibonyeza tena, mlio tena. Mtoto aliyewahi kuchezea gari la rimoti anaduwaa hapo, kwa sababu gari la rimoti hukubali kurekebishwa njiani: likienda vibaya unalivuta kushoto, likizidi unalirudisha. Nyuki anataka umpe safari nzima kwanza. Ukishabonyeza cha kijani huna tena la kufanya, unakaa kutazama maneno yako yakitembea sakafuni. Kama ulikosea hatua ya tatu, utaiona ya kwanza ikienda vizuri, ya pili vizuri, ya tatu ikimpeleka chini ya kabati, kisha ya nne na ya tano zikiendelea hukohuko chini ya kabati kwa utiifu uleule. Sijaona kitabu cha watoto kinachomrudishia mtoto fikra yake mwenyewe namna hiyo, polepole, bila kuongeza wala kupunguza.

Tena ana kumbukumbu. Usipobonyeza kitufe cha kufuta kabla ya kuanza upya, maelekezo yako yanaungwa nyuma ya yale ya zamani, naye ataanza na ya zamani. Matoleo ya mwanzo yalibeba maelekezo 40. Watu wazima niliowapa wamjaribu walisema ni mbovu. Mtoto mmoja wa miaka mitano alimtazama akienda njia ambayo yeye hakumwambia, akasema, "Bado anamkumbuka mwenzangu." Mpaka leo sijapata maelezo bora zaidi ya jambo hilo katika makala zote ninazosomeshwa.

Nilikuwa naye Songea kwa wiki tatu za mwezi wa Julai. Nasoma shahada ya umahiri, nashughulika na malezi na elimu ya awali, na nyuki huyo niliazimwa chuoni. Mama yangu mdogo ana kituo cha kulelea watoto mchana huko Bombambili: watoto 64, idadi ileile ya kete za bao, wa miaka mitatu hadi sita, vyumba viwili, mlezi mmoja, mpishi, na yeye mwenyewe. Miezi michache kabla, wazazi walikuwa wameanza kumuuliza kwa nini kituo chake hakifundishi "coding" wakati shule nyingine mjini zimeshaandika neno hilo kwenye mabango yao. Mzazi mmoja alileta makisio ya bei ya seti ya nyuki sita na mikeka yao. Ukijumlisha usafiri na ushuru, kwa hesabu ya mama mdogo, fedha zile zingetosha kumlipa mlezi wa pili kwa mwaka mzima na ushee. Akanipigia simu. "Wewe si ndiye unayesomea mambo ya watoto? Njoo utuambie tununue au tusinunue."

Kabla ya yote kuna suala la jina. Wasanifu wa lugha wametupa "usimbaji", neno zuri ambalo sijamsikia mtu akilisema Songea. Wanaojaribu kulitohoa wanapata "kodi", na kodi tunayo tayari, ya nyumba na ya serikali. Katika kituo kile watoto waliita "kumwagiza nyuki". Nitafuata hilo.

Nyuki huyu ana ukoo, na ukoo wake umepita Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Mwaka 1967 huko Massachusetts, yeye na Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na muda si mrefu baadaye ikapata kobe: roboti ya kutambaa sakafuni iliyotii maagizo ya mtoto ikichora mistari. Mtoto akikwama, hajui amwagize vipi kobe achore duara, hakupewa jibu. Aliambiwa asimame, atembee duara yeye mwenyewe, kisha aseme miguu yake imefanya nini. Hatua ndogo mbele, geuka kidogo, hatua ndogo mbele, geuka kidogo. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Papert na wenzake walifika na Logo hadi Dakar, Senegal. Kwa hiyo anayesema mambo haya yameletwa Afrika juzi, au kwamba ni ya kigeni kabisa, hajafuatilia ukoo vizuri.

Kinachonivutia zaidi kwa Papert ni utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms. Anaeleza kwamba tangu akiwa mdogo sana alipenda magari, na hasa gia, na baadaye alipokutana na hesabu ngumu alizielewa kwa kuziwaza kama gia zinazosukumana. Halafu anamwonya msomaji: asije akadhani dawa ni kumnunulia kila mtoto seti ya gia. Yeye gia alizipenda. Hakuna aliyemwambia azisome. Onyo hilo liko kwenye kurasa za mwanzo kabisa, na nadhani ndilo ambalo wauzaji wa vinyago vya kufundishia wamelirukia.

Julai ni baada ya mavuno Songea. Mashamba yana mabua, na wavulana wa Bombambili wana magari ya mabua yenye matairi ya ndala zilizokufa, mhimili wa kijiti, na usukani mrefu wa fimbo unaokunja magurudumu ya mbele. Nilimwona mmoja akibadilisha tairi la nyuma mara tatu kwa sababu gari lilikuwa linavuta upande mmoja. Hakuna aliyemwita mhandisi, wala hakuna bango. Lakini sitaki kukimbilia pale ambapo wengi hukimbilia, kwamba basi sisi tunayo yote tayari. Nitalirudia hilo mbele kidogo.

Siku ya kwanza tuliona kwamba tatizo kubwa ni vitufe viwili: kushoto na kulia. Mlezi, binti mchapakazi ambaye sauti yake ilikuwa imeshakauka kabla ya saa nne, alitangulia kuwaandaa watoto kwa njia ambayo sote tulifundishwa. Mkono wa kulia ni upi? Ni ule tunaolia chakula. Haya, inueni. Mikono ya kulia ikainuka chumba kizima, isipokuwa mtoto mmoja wa mashoto aliyeinua wa kushoto. Wenzake wakacheka. Mlezi akamshusha mkono huo, akamwinulia mwingine, akaendelea.

Nimeifikiria sana dakika ile. Kiswahili kimeufunga upande wa kulia kwenye kazi ya mkono: ni mkono wa kulia chakula. Wazee husema pia mkono wa kuume na mkono wa kike. Pande zetu ni za mwili na za adabu. Mkono wa kushoto haupokei kitu kwa mkubwa. Mtoto yule anakula kwa kushoto. Aliulizwa mkono unaolia chakula, akainua unaolia chakula. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyetekeleza maelekezo kama yalivyotamkwa. Wengine wote walifuata walichojua mlezi anakitaka. Kama somo lilikuwa kumwagiza mtiifu asiye na mazoea, basi mtu pekee aliyefaulu ndiye aliyechekwa.

Roboti haina mkono wa kulia. Ina upande, na upande wake haubadiliki kwa desturi ya nyumba. Mtoto wa mashoto alipofika kwenye nyuki alipata kitu ambacho hakimuulizi anakula na mkono gani. Alikosea, nyuki akagonga mguu wa meza. Akakosea tena. Nilihesabu mara saba mfululizo, na mara ya nane akazunguka akachuchumaa nyuma ya nyuki, uso wake ukielekea anakoelekea nyuki, akainyoosha mikono yote miwili mbele kama mbawa, kisha akabonyeza. Ndicho kile kile cha Papert, mwili kuazima nafasi ya mashine, na hakufundishwa na yeyote. Sisemi nyuki alimtibu. Wiki tatu zilipokwisha alikuwa bado hainui mkono mlezi anapouliza swali. Ila mbele ya mlezi hajaribu hata mara moja, na mbele ya nyuki alijaribu mara nane, na mimi kama mhakiki lazima niseme kwamba tofauti hiyo imetengenezwa na muundo wa kile kinyago.

Ni tofauti nzito kwa nchi yetu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na zinasema ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Sisi tuliopita huko tunajua kwamba saba mara nane nayo imewahi kuhesabiwa utovu. Kwenye vituo kama cha mama mdogo fimbo hakuna, lakini kicheko kipo, na mtoto wa miaka mitano hatofautishi sana. Kama kuna kitu kwenye boksi la nyuki chenye thamani ya kusafirishwa kutoka Uingereza, ni kosa lisilo na aibu. Boksi lenyewe halilitaji. Linazungumzia mambo mengine.

Sasa sakafu. Mtunzi wa nyuki alidhani sakafu ni laini, na sakafu ya kituo ni saruji yenye nyufa, imepigwa viraka mara mbili. Kwenye ufa gurudumu moja linasita, nyuki anapinda kidogo, na hatua tatu baadaye yuko nje ya mraba. Tulijaribu kutandika viroba vya sembe vilivyofumuliwa, tukachorea juu ramani ya mji: stendi, soko, Uwanja wa Majimaji, makumbusho kule Mahenge. Watoto waliipenda sana ramani hiyo, ila kirobani magurudumu yanateleza, na nyuzi 90 zinakuwa 70. Nje kwenye vumbi jekundu hafiki popote. Maana yake ni kwamba mtoto alikuwa anaweza kumwagiza nyuki sawasawa kabisa na bado nyuki akaishia pasipo.

Wataalamu wa elimu ya usimbaji husifu sana kile kitendo cha kutafuta kosa na kulirekebisha. Lakini wanadhani kosa likionekana, ni la mwagizaji. Kwenye sakafu ya Bombambili kosa lilikuwa mara la mtoto, mara la ufa, mara la betri iliyochoka, na mtoto hana njia rahisi ya kujua ni lipi. Niliogopa kwamba hili litaharibu kila kitu. Kwa wengine liliharibu: walichoka, wakaenda kwenye bembea. Wengine wakagundua kitu ambacho mwongozo hauna. Waliweka nyuki mwanzo wa njia, wakampa maelekezo yaleyale mara mbili, moja kwenye saruji, moja juu ya meza, wakalinganisha. "Sakafu imekosea," akahitimisha binti mmoja, kwa sauti ya hakimu. Kumbe kulaumu sakafu kwa ushahidi ni somo zuri pia. Lakini bei ya nyuki haikuwekwa kwa ajili ya somo hilo, na mtoto wa London haombwi alipitie kwanza ndipo afike kwenye la kwake.

Jumatano ya wiki ya pili betri iliisha na umeme ulikuwa umekatika, na siku hiyo ikazaa kipande kizuri kuliko vyote. Tulichora miraba chini kwa kijiti, tukacheza boda. Mtoto mmoja ni pikipiki, amefungwa kanga machoni. Mwingine ni abiria, anasimama pembeni na kutoa maelekezo yote kwa mkupuo kabla safari haijaanza: nyoosha, nyoosha, kata kulia, nyoosha, nishushe. Hawakuhitaji kufundishwa lugha hii. Kila mtoto wa Songea aliyewahi kupakatwa kwenye bodaboda anajua kumwelekeza dereva. Walicheka, walisahau hatua, walibishana kama "kata kulia" ni kugeuka tu au ni kugeuka na kusogea. Ubishi huo wa mwisho ni wa msingi kabisa, kwa kuwa kwa dereva wa kweli kukata kulia ni yote mawili, na kwa nyuki ni kugeuka peke yake. Watoto wa miaka mitano walitumia karibu nusu saa kuamua neno moja lina maana gani. Walikubaliana kwamba kwenye mchezo wao ni kugeuka tu.

Hapo ningeweza kuandika kwamba nyuki hahitajiki. Nilishaanza kuiandika sentensi hiyo. Kisha nikaona pikipiki zinavyoendeshwa. Abiria mmoja alimpa mwenzake hatua moja zaidi, na hatua hiyo ilikuwa inampeleka ukutani. Pikipiki, ijapokuwa imefungwa macho, ilisikia wenzake wakivuta pumzi, ikasimama. Safari nyingine pikipiki ilijua rafiki yake alimaanisha kushoto, ikakata kushoto. Tulisema mara kadhaa kwamba pikipiki lazima ifanye kama ilivyoambiwa tu. Haikuwezekana. Watoto wale hawana uwezo wa kumwacha mwenzao akosee. Wanamalizia sentensi yake, wanamwokoa. Ni tabia njema na nisingependa kituo chochote kiiondoe. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtoto anayeagiza hapati kuliona agizo lake lenyewe. Anaona agizo lake likiwa limeshasahihishwa na upendo. Ukatili mdogo wa nyuki, ule wa kuendelea kutembea chini ya kabati, hakuna mtoto wa Bombambili anayeweza kuuigiza. Ndio unaolipiwa.

Hiyo ndiyo sababu sikubaliani na hoja ninayoisikia sana kwenye semina zetu, kwamba mdako ndio usimbaji wa Mwafrika. Naujua mdako. Shimo dogo, kokoto, moja inarushwa juu, mkono unazikokota nyingine nje ya shimo, unaidaka ile, unairusha tena, unazirudisha zote ukiacha moja nje. Zikiisha, raundi inayofuata unaacha mbilimbili, kisha tatutatu. Ni mlolongo wenye marudio ndani ya marudio, na asiyeuona hivyo hajauangalia. Bao nalo vivyo hivyo. Ila kwenye mdako anayepanga na anayetekeleza ni mtu mmoja, kwa mkono mmoja, kwa wakati mmoja. Mpango haujitengi na mkono ili uweze kutazamwa kwa mbali. Kuuita mdako jina la heshima lililoazimwa kompyutani ni kuudharau kwa adabu: mdako unafundisha mambo yake, kukadiria, kudaka, kutunza zamu, na hauhitaji hati ya kusafiria ya Massachusetts.

Upande mwingine, wale wanaoleta mashine wamekuwa na pupa yao. Jaribio moja kubwa hapa kwetu lilikuwa Tanga, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, chini ya shindano la Global Learning XPRIZE: vishikwambi vyenye programu za Kiswahili vikagawiwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila kutegemea mwalimu, kwa miezi 15. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Naliheshimu kwa jambo moja: mashine ililazimishwa kusema Kiswahili. Akili and Me ya Ubongo, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam kuhusu mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, inafanya hivyo pia na kwa umaridadi zaidi, kwa sababu inajua watoto wanavyoongea. Lakini ndani ya jaribio la Tanga kulikuwa na ndoto kwamba mtu mzima anaweza kurukwa. Kenya wamechukua njia nyingine: mwaka 2022 taasisi yao ya mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Huko mtu mzima yupo, ila mtoto wa awali hayupo, na pengine ni sawa.

Marina Bers, aliyeshiriki kutengeneza ScratchJr iliyotoka mwaka 2014, anatofautisha uwanja wa michezo na kile kizimba cha kumchezeshea mtoto mchanga asitoke. Kwenye uwanja mtoto anabuni, anagombana, anaanguka. Kizimbani yuko salama na amechoka. Nyuki mwenyewe naona ni uwanja. Mikeka inayouzwa pamoja naye, yenye kisiwa cha hazina na shamba la Kizungu na herufi za Kiingereza, inamrudisha kizimbani: nenda kwenye herufi hii, umefika, hongera. Watoto walivyompeleka sokoni kununua dagaa, wakabishana apite stendi au asipite, hakuna hongera iliyohitajika.

(Aside ndogo kwa wenye umri wa mama mdogo: enzi zao chekechea iliitwa shule ya vidudu. Alipomwona nyuki akitambaa alicheka mpaka akakaa.)

Nilipewa dakika kumi kwenye kikao cha wazazi, Jumamosi, chini ya mwembe. Niliwapa hesabu badala ya nadharia. Mtoto anahitaji si chini ya dakika tatu na nyuki ili aagize, akosee, na aagize tena. Watoto 64 mara dakika tatu ni dakika 192, zaidi ya saa tatu, kwa zamu moja tu. Nyuki sita wanaishusha hadi nusu saa hivi, lakini nyuki sita wanataka watu wazima sita, au angalau watatu, wa kukaa chini na kunyamaza kwa wakati unaofaa. Hao hawapo. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hapa mlezi ni mmoja. Bila mtu wa kuzuia kicheko, kosa lisilo na aibu linageuka kuwa kosa mbele ya hadhira. Nikasema ningeanza na mlezi wa pili.

Baba mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, alisubiri nimalize. "Mwanangu, nimekusikia, na shule umeisoma," akasema. "Ila wewe umeshafika chuo kikuu. Watoto wa Dar vitu hivi wanavyo. Wetu wakikutana nao huko mbele, watasema waliambiwa wasubiri mlezi?" Wazazi wakaguna kukubali. Sikuwa na jibu linalotosha swali hilo, na sidhani uhakiki wa kinyago chochote unalo. Nilimwambia tu kwamba mtoto wake ndiye aliyesema nyuki bado anamkumbuka mwenzake, na kwamba hakuna aliyemfundisha. Akatabasamu, lakini hakubadilisha msimamo.

Mjadala ulichukua saa mbili. Ukaishia hivi: anunuliwe nyuki mmoja, bila mkeka, fedha zinazobaki zimlipe mlezi wa pili kuanzia Septemba, na mwakani waangalie tena. Baba wa mahindi alikubali kwa sharti kwamba risiti ibandikwe ukutani wageni waione. Kisha mama mdogo akakumbuka sakafu, akamgeukia mzazi mwingine ambaye ni seremala, akamuuliza kuhusu plaiwudi. Seremala akapiga hesabu kichwani: bapa zima ni futi nne kwa nane, kwa hatua za sentimita 15 linatoa miraba minane kwa kumi na sita, na akiwekewa kingo za mbao nyuki hataanguka. Milimita tisa inatosha, akasema, ila msiliache nje ikifika mvua.